Bustani ya Chini ya Ukuta wa Ndiva

Ungempa zamu ya maji binti asiye na mume, ambaye baba yake aliletwa Same na lori la manamba kuja kukata mkonge? Jibu kwa ukweli. Usinijibu kama tunavyojibu kwenye semina, tukiwa tumeshakunywa soda na tunasubiri posho. Nijibu kama ungekuwa umesimama kule juu, kwenye ukuta wa ndiva ya Ikongwe, mwezi wa kumi, jua limekausha hata magugu, na maji yaliyopo hayawatoshi wenye nayo.

Mimi nilijibu vibaya. Sikusema hapana kwa mdomo. Niliisema kwa mifuko arobaini ya saruji. Ndiyo maana naandika habari za Justa, na nitaziandika zote, hata pale zinaponiaibisha.

Kwanza niieleze ndiva, kwa msomaji ambaye hajafika kwetu. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo Wapare tumekuwa tukilijenga milimani tangu kabla ya Wajerumani. Kijito kinaingia humo usiku kucha. Asubuhi kizibo cha mti kinatolewa, maji yanashuka mferejini hadi shamba la mwenye zamu ya siku hiyo. Zamu ni ya nyumba. Baba anamwachia mwana aliyeoa, na kijana asiye na mke hana zamu, hata awe na ndevu hadi kifuani. Wenye zamu wote wanawajibika kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Likipigwa baragumu unaacha ulichokuwa ukifanya, unachukua jembe, unakwenda kuzoa tope. Usipofika, waliofika wanakuja kwako kuchukua jogoo, na wanamla wewe ukiwaangalia.

Justa hakuwa na zamu. Lakini sijawahi kusikia baragumu likipigwa na yeye asiwe wa kwanza au wa pili kufika.

Alizaliwa mwaka wa sitini na nane katika kambi ya shamba la mkonge huko tambarare. Baba yake alikuwa Mha wa Kasulu, mtu mrefu aliyezungumza Kiswahili kwa sauti ya chini kama anayeomba radhi. Mama yake, Eliakunda, ambaye sote tunamwita Mama Justa, ni wa kwetu Ikongwe. Alishuka kambini siku moja kuuza ndizi na hakupanda tena.

"Nilishuka na mkungu mmoja," hupenda kusimulia, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko, "nikarudi baada ya miaka kumi na minane na mtoto mmoja na sufuria. Biashara gani hiyo, mwanangu?"

Miaka ile ya foleni za sabuni, ile ya ugali wa Yanga, ule unga wa njano wa msaada, Justa alikuwa shule ya msingi na sare yake ilishonwa kwa gunia. Alimaliza darasa la saba akiwa wa tatu kwa wasichana wote, na ikaishia hapo. Mwaka wa themanini na tano bei ya mkonge ilikuwa imeshaanguka, na korona, ile mashine kubwa ya kusaga majani ya mkonge iliyokuwa ikinguruma tangu kabla hajazaliwa, ikanyamaza. Baba yake aliishi miezi mitano tu baada ya kimya kile. Kifua, walisema. Mama Justa akamfunga bintiye kanga kiunoni, wakapanda mlima.

Wajomba hawakuwafukuza. Waliwapa kipande cha chini ya ukuta wa ndiva, mahali ambapo hakuna mtu aliyepataka. Ukuta wetu ulikuwa wa mawe na udongo, na usiku kucha ukivuja. Pale chini palichuruzika mwaka mzima. Mahindi yalioza, migomba ililala chali, na mazao pekee yaliyostawi yalikuwa vyura. Watoto wakampa jina: Justa wa Vyura. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao, na ndiye niliyeongeza mlio.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Alichofanya ni kuinama. Wiki tatu alichimba vijifereji vyembamba, upana wa kiganja, vikikusanya yale matone kutoka mguu wa ukuta na kuyapeleka kwenye kishimo kisichozidi karai la kuogea. Katikati ya vijifereji akainua matuta. Udongo uliokuwa tope ukawa mweusi, laini, wa kushikana bila kunata. Akapanda mchicha. Akapanda nyanya na vitunguu. Vyura wakahamia kwenye kishimo, na hadi leo wanaishi humo, na anawasalimia.

Mchicha aliubeba kichwani hadi gulio la Kisiwani, kijiji cha huko tambarare, mwendo wa saa mbili na nusu kushuka na zaidi ya tatu kupanda. Ilikuwa sasa enzi ya ruksa. Madukani Same sabuni zilirundikwa hadi dari, mitumba ilining'inia barabarani, na kila mtu aliyekuwa na kitu cha kuuza aliruhusiwa kukiuza. Waliokosa kitu cha kuuza hakuna aliyewauliza wanakula nini. Kisiwani palikuwa na vijana wengi wa namna hiyo, waliotemwa na mkonge, kila mmoja na kipande cha ardhi kavu na mbegu mfukoni, wakingoja vuli.

Na vuli yenyewe ilikuwa imebadilika. Wazee wetu walianza kuhesabu mvua mwezi wa kumi na wakamaliza karibu na Krismasi. Siku hizi inakuja imechelewa, inamwaga kwa hasira, inaondoka. Vijana walisia mbegu mvua ya kwanza iliponyesha. Mbegu ziliamka, zikajinyoosha, na zilipokuwa tayari kunywa, kikombe kimeshaondolewa mezani.

Siku moja Justa alipunguza miche ya nyanya iliyosongamana kwenye tuta. Badala ya kuitupa, aliifunga katika ganda bichi la mgomba, akaiweka juu ya mchicha. Gulioni akasimama mbele yake kijana mmoja aitwaye Isihaka, mjukuu wa wale wafanyabiashara Waislamu waliokaa Kisiwani tangu enzi za misafara. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi korona hadi siku ilipofungwa.

"Dada, hii miche ya nyanya au ya mnafu?"

"Panda. Ikiwa mnafu, kula mboga, nirudishie mizizi."

"Na ikiwa nyanya?"

"Rudi uyachukue maneno yako."

Wiki tisa baadaye Isihaka alimngoja njiani na kikapu cha nyanya, na mbele ya watu akasema, kwa sauti ya mtu anayenadi mali, "Maneno yangu haya, nayachukua!" Kuanzia hapo waliochukua miche kwake wakawa watatu, kisha sita, kisha kumi na mmoja.

Nimesoma miaka miwili chuo cha kilimo na sikufundishwa hesabu aliyoipiga Justa kwa kichwa chake. Alinieleza akiwa anang'oa magugu, hata hakuniangalia. "Mvua ya siku hizi ina siku arobaini. Mbegu inakula ishirini za kwanza bado inapiga miayo. Mimi naiamshia huku juu. Mvua ikifika, inakuta mche umeshavaa, umesimama mlangoni." Basi. Huko duniani watu wanapanda ndege kwenda kuyajadili mambo hayo na wanarudi na mabegi yenye nembo.

Usidhani alifanikiwa kila mwaka. Mwaka mmoja alinunua Same mbegu za vitunguu za paketi, zenye picha ya kitunguu kinachong'aa kama taa. Haikuota hata moja. Alirudi dukani na paketi tupu, mwenye duka akamwambia biashara huria. Tangu siku ile anaacha vitunguu vyake vichanue, anakausha vichwa juu ya jiko, na mbegu anazihifadhi ndani ya majivu katika kibuyu. Mama Justa hulalamika kwamba siku moja atazikaanga zikiwa pamoja na chumvi.

Sasa nifike kwangu.

Nilirudi nyumbani mwaka wa tisini na tatu, nikiwa na diploma na barua ya kuniarifu kwamba serikali imesitisha ajira za mabwana shamba. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo bado ninayo. Nilikusanya vijana kumi na wanne tukaanzisha kikundi, tukakiita Mwamko. Tulitaka maji. Tuligombana, tukaimba, tukaandika barua saba, na mradi mmoja wa wafadhili ukatupa saruji ya kuimarisha ndiva. Mimi ndiye niliyepeleka ushahidi. Nilikata fimbo, nikaichonga alama, nikaisimika majini jioni wakati kijito kimezuiwa, nikarudi alfajiri. Maji yalikuwa yameshuka shubiri nzima. Niliandika katika daftari langu: *Upotevu kwa usiku mmoja, shubiri moja.* Chini yake nikapiga mistari miwili.

Ningeweza kushuka hatua thelathini kuona maji hayo yanakokwenda. Sikushuka. Huku kwetu maji yasiyo na zamu hatuyaiti maji. Yule aliyekuwa akiyatumia miaka minane tulimwona kila siku, na bado hatukumwona.

Baragumu lilipigwa. Mwenye kulipiga ni Mzee Elirehema, mlinzi wa ndiva, mtu mkavu kama ukwaju, aliyewahi kumtoza faini ya jogoo ndugu yake wa tumbo moja ambaye alikuwa anaumwa meno. Hucheka mara moja kwa mwaka na hujutia. Siku tano tulibeba mchanga kutoka korongoni. Justa alikuwepo siku zote tano. Siku ya tatu nilisimama juu ya ukuta, nikapaza sauti ili wavivu wasikie:

"Mnamwona Justa? Hii ni ndoo yake ya ishirini na sita. Na hana hata zamu!"

Mzee Elirehema akatema mate pembeni. "Anayekuja msaragambo bila zamu ama ni mjinga ama ana jambo lake. Mchunguzeni."

Justa alimwaga mchanga wake, akaikung'uta ndoo mara mbili, akashuka kuchukua nyingine.

Tulisakafia ukuta wote. Ulipendeza, nakiri. Tulipiga picha.

Siku ya sita nilikwenda kwake kumwomba asie miche ya kikundi chetu, maana hatimaye tungekuwa na maji ya kulimia. Nilimkuta njiani na mama yake, kila mmoja na ndoo kichwani, wanatoka mtoni kule bondeni, dakika arobaini kwenda. Nikacheka.

"Dada Justa, unachota maji mtoni na ndiva iko juu ya kichwa chako?"

Aliniongoza hadi mguu wa ukuta, akaweka kiganja chake pale. Palikuwa pakavu, peupe. Vijifereji vyake vilikuwa na ufa. Kishimo kilikuwa na tope la vidole viwili, na vyura wamebanana humo kama watu waliokosa gari. Yalikuwepo matuta kumi na mawili, vitunguu na nyanya, miche urefu wa kidole, tayari kwa Kisiwani baada ya wiki mbili. Majani yalikuwa yamelala.

"Hapa ndipo yalipokuwa yanatokea," alisema.

Nilihisi daftari langu mfukoni kama kaa la moto.

"Kwa nini hukusema? Ulibeba mchanga siku tano, Justa! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ndiva inavuja. Ndiva ikivuja, inazibwa. Kila mtu anajua hivyo."

"Lakini ulijua—"

"Nilijua." Alishusha ndoo, akaanza kunyweshea tuta la kwanza kwa kopo, mche mmoja mmoja, kama anayelisha wagonjwa. "Baragumu lilipigwa, Humphrey. Miaka minane nimekula matone ya ukuta ule. Nilipoitwa kuubebea mchanga nikatae?"

Mama Justa alikuwa amekaa juu ya jiwe akijipepea kwa upande wa kanga. "Mwambie na lingine," alisema. "Mwambie alikuwa anadhani mtasakafia vibaya."

"Mama!"

"Si ulisema? 'Vijana wale wa picha, itavuja tu.'" Na akacheka, yule mama, huku machozi yakimlengalenga.

Niliomba kikao. Kilifanyika Jumapili alasiri, kando ya ndiva, kwa kuwa wengi wetu ni Wasabato na Jumamosi hatugusi jembe wala ugomvi. Wenye zamu walikaa kwenye mawe, sisi vijana tukasimama. Isihaka alikuwa amepanda kutoka Kisiwani na wenzake wawili, vumbi hadi kope.

Nilizungumza kwanza, na nilizungumza sana. Nilisema kijana wa nchi hii amepewa hotuba za kutosha, sasa apewe maji. Nilisema tumeambiwa tujiajiri, na huyu hapa aliyejiajiri kabla hatujaambiwa, na tumemzibia mdomo kwa saruji. Nayasema tena hapa kwa sababu bado nayaamini. Nilipomaliza, vijana walipiga makofi. Mzee Elirehema alingoja makofi yaishe.

"Wewe Humphrey. Ulituambia ukuta unavuja, tukaziba. Leo unatuambia tulipoziba tumekosea. Kesho utatuambia tuusogeze mlima?"

Walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Isihaka akasogea mbele. "Shikamooni wazee."

"Marahaba. Wewe si wa Kisiwani? Ndiva ya kwenu iko wapi?"

"Kwetu tuna vumbi, mzee. Ndiyo maana nimepanda."

Hapo hata waliokuwa wamenuna walitabasamu. Isihaka akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Tuko kumi na mmoja. Sote tulikuwa mkonge. Mwaka jana vuli kwetu ilinyesha siku thelathini na nane, nilizihesabu mimi mwenyewe ukutani kwa mkaa. Waliosia mbegu walivuna majani. Sisi tulipanda miche ya dada huyu, tukavuna vitunguu, na wawili kati yetu wameoa kwa vitunguu hivyo. Hatukuja kuomba maji yenu. Tumekuja kuwaambia tu kwamba maji yenu yalikuwa yanafika Kisiwani, na ninyi hamkujua."

"Kumbe tulikuwa tunaozesha watu!" alisema mzee mmoja nyuma, na kikao kikapoteza adabu kwa muda.

Mzee Elirehema alimgeukia Justa. "Na wewe? Wote wamekusemea. Una mdomo?"

Justa alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kwendea kanisani, na miguu yake ilikuwa na tope la mtoni hadi magotini. "Ninao, baba. Naomba tundu."

"Tundu gani?"

"La kidole." Alinyoosha kidole chake kidogo cha mwisho. "Mguuni mwa ukuta. Hiki tu. Mtoboe kidogo, muweke kipande cha bomba."

Mzee Elirehema alisimama, kitu ambacho hakifanyi kwa urahisi kwa sababu ya magoti. "Mifuko arobaini, siku tano, migongo ya watu, halafu tutoboe? Wewe mtoto, unajua tundu ni nini? Tundu halilali! Usiku linatoka, mchana linatoka, Sabato linatoka! Hiyo ni zamu ya kila siku. Hata mimi niliyeota mvi kwenye ukuta huu sina zamu ya kila siku!"

"Basi baba," alisema Justa, taratibu kabisa, "nipe ya siku moja."

Kicheko kilichofuata kiliwafanya kunguru waruke. Mama mmoja alipiga kigelegele. Mzee Elirehema hakucheka. Alimtazama Justa kama mtu anayekagua kizibo.

"Kikao hakitoi zamu," alisema mwishowe. "Haijapata kutoa. Zamu mpya hukatwa kutoka zamu ya mtu, kwa mkono wa mtu huyo. Haya. Nani anakata yake?"

Nilimwangalia baba yangu. Baba yangu, mtu mwema, anayesomesha watoto sita kwa zamu moja kila siku ya kumi na nne, aliangalia vidole vyake vya miguu. Mimi, pamoja na diploma yangu, sikuwa na la kukata, maana sina mke na kwa hiyo sina zamu. Wale wote waliocheka na waliopiga kigelegele walikuwa wanaangalia vidole vya miguu.

"Mmesikia," alisema Mzee Elirehema. "Kesho ni zamu yangu. Nendeni mkalale."

Watu walijikung'uta, wakaondoka wawili wawili. Isihaka alimpa Justa mkono, akavaa kofia. Wenzake walikuwa wameshaanza kushuka.

Tulichota maji mtoni hadi jua likazama, Justa, Mama Justa na mimi. Kwa ndoo tatu huwezi kunywesha matuta kumi na mawili. Safari yetu ya pili ilipoisha, Justa alisimama katikati ya bustani, mikono kiunoni, akaanza kuyaondolea matuta manane majani ya mgomba yaliyokuwa yakiyafunika dhidi ya jua. Majani hayo aliyaongeza juu ya yale manne ya karibu na mlango.

"Unafanya nini?"

"Haya manane hayafiki keshokutwa. Haya manne nitayapigania." Aliinama, akagusa mche mmoja wa kitunguu kwa ncha ya kidole. "Watu saba wa Kisiwani hawatapata. Sijui nianze kumwambia nani."

Hakulia. Alikwenda kwenye kishimo, akamimina kopo moja la maji ya mtoni juu ya vyura. Moja tu, lakini alimimina.

Kesho yake niliamka mapema nikachukua ndoo mbili kwenda kumsaidia. Njia inapita kando ya ndiva. Mzee Elirehema alikuwa ameshafika, amevaa lile koti lake la mitumba lenye vifungo vya dhahabu bandia, na suruali amekunja hadi magotini. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba bila kugeuka. Kisha akang'oa kizibo, na maji yakaruka mferejini kwa kishindo, mengi kuliko nilivyowahi kuyaona. Ukuta mpya ulikuwa haujapoteza hata tone usiku kucha.

Nilidhani atayafuata hadi shambani kwake. Hakwenda hata hatua ishirini. Alisimama pale mfereji unapopinda, na ndipo nikaona: kutoka kwenye mfereji mkubwa, kuelekea bustani ya Justa, palikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa asubuhi ileile, udongo wake bado mwekundu, jembe lake limesimikwa kando. Aliinua bonge la udongo wenye nyasi kwa mikono miwili, akaliangusha katikati ya mfereji mkubwa. Akaongeza la pili, akalikanyaga. Maji yalisita, yakajaa, yakageuka.

"Justa!" aliita. "Justa wee! Jua limetoka na wewe umelala?"

Justa hakuwa amelala. Alikuwa anapanda kutoka mtoni, ndoo kichwani, na alisimama pale njiani kama aliyekutana na nyoka. Mama yake nyuma yake akamgonga kwa ndoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tua hiyo ndoo. Mwenye zamu haji na ndoo, anakuja na jembe." Alinyoosha kidole kwenye nguzo ya zamani iliyosimama juu ya ukuta, kisha kwenye jiwe jeupe chini yake. "Kila Jumatatu yangu. Tangu maji yanapotoka hadi kivuli cha nguzo kiguse jiwe lile. Kisha unafunga mwenyewe na kunifungulia mimi. Na kuanzia leo, ukikosa msaragambo hata mara moja, nakuja kuchukua jogoo."

Maji yalikuwa yameshapita miguuni pake, yanabeba vijiti na povu, yanaelekea kwenye matuta manane yasiyo na kivuli.

"Sina jogoo, baba," alisema Justa.

"Basi fuga."

Justa alitua ndoo, akakimbilia jembe.